Hiroe Hakuulizwa Mara ya Pili

Jirani yangu Hiroe Tsukuda hushona sare za shule, na ni mtu wa kukataa. Ukimpa chungwa, hapana. Ukimwambia aketi, amezoea kusimama. Si kwamba hataki. Anakataa kwa sababu alilelewa vizuri, na aliyemlea hivyo ni mama yake marehemu. Nilimpenda sana mama yule, lakini kwa jambo hili nina ugomvi naye mpaka leo, na kila nikienda kumwagia maji jiwe la kaburi lake huwa namwambia.

Hapa Iwado ndiyo adabu yetu. Mtu akikukaribisha, mara ya kwanza unakataa, maana huenda amekukaribisha kwa mdomo tu. Mara ya pili unasitasita, unasema utamsumbua. Akirudia tena, basi unavua viatu unaingia. Hata watoto wa chekechea wanajua. Anayekubali papo hapo tunamwona mlafi, na anayekaribisha mara moja akanyamaza, tunaelewa kwamba hakutaka mgeni. Mimi adabu hiyo ilinishinda zamani. Nina saluni, ukuta kwa ukuta na duka la Hiroe, na mteja anayeniambia "punguza kidogo tu" huku moyoni anataka nywele zote ziondoke, atatoka analia na lawama itakuwa yangu. Kwa hiyo nauliza na kuuliza tena mpaka aseme. Watu wananiita mkali, na sijawahi kuwabishia.

Duka la Hiroe lina meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili, na dirisha lenye sanamu za kuvalisha nguo, mvulana na msichana, ambao pua zao zimechubuka tangu nilipoolewa mtaa huu. Msimu wake ni mwezi wa tatu. Watoto wanaoingia shule ya kati wanaletwa kupimwa, na kila mama anasema neno lilelile: ongeza kidogo, bado anakua. Basi Hiroe anakata koti mpaka mikono inafunika vidole, anaficha kitambaa cha akiba ndani ya pindo, na mtoto akirefuka anarudishwa, pindo linakunjuliwa, mstari wa zamani unapigwa pasi mpaka ufifie. Siku ya kufungua shule wanapita mbele ya saluni yangu wamemezwa na nguo, na mimi nacheka peke yangu. Baadaye kidogo koti linawabana mabegani na wana ndevu mbili tatu. Wakimaliza sekondari wanapanda treni. Hiroe anabaki na vipande vya kitambaa cha buluu.

Hakuolewa. Alikuwapo bwana mmoja wa benki kutoka Matsue, mpole, viatu safi, aliyemjia kwa miezi kadhaa. Alimuuliza kuhusu ndoa mara moja tu, kwenye mkahawa wa tambi za soba, naye Hiroe akasema hastahili mtu kama yeye. Yule bwana akaomba radhi kwa usumbufu, akamaliza soba yake, akarudi Matsue. Nilipopata habari nilivunja kitana. Lakini huyo bwana ni jambo dogo. Jambo kubwa lilikuwa Chigusa.

Chigusa Orito alikuwa binti wa mkuu wa stesheni yetu, stesheni yenye behewa moja linalokuja na kuondoka. Yeye na Hiroe walikuwa chanda na pete. Nilipokuja hapa kama bibi harusi walikuwa na miaka kumi na tano, wananiita dada, wanakuja pamoja nikate nywele zao za mbele na kubishana ya nani imependeza. Chigusa alikuwa mtoto wa makelele. Alichora kila kitu, kwa chaki za ushonaji, juu ya karatasi za vipimo, hata juu ya meza ya kukatia, na mama Tsukuda alifuta huku akicheka. Hiroe alishona na kusikiliza. Chigusa alitunga hadithi za miji chini ya bahari na kaa wanaosema, kisha anamgeukia mwenzake, "Halafu ikawaje?" Hiroe anafikiri kidogo, anasema neno moja, na hadithi inachukua njia nyingine kabisa. Niliwasikia kupitia ukuta kila siku baada ya shule. Duka lile lilikuwa na uhai.

Walipokaribia kumaliza sekondari Chigusa alipata nafasi katika chuo cha sanaa Tokyo. Yaliyotokea nilisimuliwa na mama Tsukuda mwenyewe, miaka mingi baadaye, akiwa kwenye kiti changu na nywele mbichi. Chigusa alisimama dukani akamwambia Hiroe, twende wote, kuna chuo cha ushonaji hukohuko, tutapanga chumba kimoja. Hiroe akajibu kama alivyofundishwa. Hapana, nitakuwa mzigo kwako. Chigusa alipoondoka, mama Tsukuda, aliyekuwa akipiga pasi marinda ya sketi nyuma ya pazia, alimwambia, "Akirudia, kubali. Nimeshazungumza na shangazi yako, atakuja kunisaidia dukani."

Hiroe akafunga begi, akalisukuma chini ya meza ya kukatia. Chigusa alikuja kesho yake, na kesho kutwa, na wiki zilizofuata, akizungumza juu ya kila kitu chini ya jua isipokuwa hilo. Siku ya kuhitimu wasichana wale walibadilishana skafu za sare zao zenye kola za kibaharia, kama wanavyofanya wasichana wanaopendana sana, wakapigwa picha chini ya mcheri ambao bado haujachanua. Siku ya safari Hiroe alienda stesheni akiwa amevaa viatu vyake vya safari. Chigusa akapanda, akapunga mkono dirishani, behewa likaondoka. Mama Tsukuda aliniambia alidhani Chigusa anasubiri dakika ya mwisho ili amwombe Hiroe tena kwa heshima. Mimi nilimfunga taulo kichwani bila kusema neno, maana alikuwa mgonjwa wakati huo. Laiti ningemsema.

Baada ya hapo zilikuja kadi za mwaka mpya. Za kwanza zilijaa michoro mpaka pembeni hapakuwa na pa kuandika anwani. Kisha michoro ikapungua. Kisha zikawa kadi za kuchapwa, zenye jina la kampuni ya filamu za katuni na mstari mmoja wa kalamu, natumaini hujambo. Hiroe alinionyesha kila mwaka na kusema Chigusa ana kazi nyingi sana. Mama Tsukuda akafa. Watoto wa mji wakapungua, cherehani moja ikafunikwa kitambaa. Hiroe akavuka hamsini. Jioni nilisikia kupitia ukuta redio, kisha sauti ya bakuli moja likioshwa, basi.

Mwaka juzi, wakati wa baridi, nilikuwa dukani kwake nimempelekea figili, simu ikalia. Niliona uso wake ukibadilika. Alisimama wima kama anayesemeshwa na mwalimu mkuu. Aliitikia, aliitikia, kisha akacheka kidogo na kusema, "Mimi? Hapana, hapana. Mtu kama mimi kati ya watu wa Tokyo, nitakutia aibu bure."

Kisha akangoja. Nilimwona anavyongoja, simu sikioni, midomo tayari imeanza kutabasamu, kama mtoto anayejua anakaribia kupewa kitu. Nikajikuta na mimi nangoja, na figili mkononi.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, naelewa. Asante sana." Akaiinamia simu, akaiweka.

Nikamuuliza ni nani. Akasema ni Chigusa, amemaliza filamu yake mwenyewe, ameitunga na kuiongoza, wasichana wawili na mambo ya ajabu ajabu, naye alitaka aende Tokyo kwa onyesho la kwanza.

"Na umekataa."

"Nimekataa."

"Umekataa kweli, au umekataa?"

Alichukua figili akaziangalia. "Huenda atapiga tena, dada," akasema.

Nilimwambia ainue simu hiyohiyo ampigie yeye. Nilisema vibaya, nilisema ni ujinga mtupu watu wazima kungojeana kama kuku mbele ya mlango. Akasema ndiyo, dada, na asinyanyue kitu. Wiki zile alishona gauni la kijivu, zuri, lenye mshono usioonekana. Aliniambia ni la mteja wa mji wa pili. Nina macho. Mikono ya gauni ilikuwa mikono yake.

Simu haikulia. Filamu ikatoka, na nchi nzima ikaipenda. Wajukuu zangu kule Osaka waliiona mara tatu. Hiroe hakwenda kuiona, ingawa jumba la sinema ni safari ya treni isiyozidi saa moja. Alisema ana makoti ya kumaliza. Mimi nikasema kama yeye hajaiona, nami siioni.

Lakini filamu ikatufuata. Wakaanza kuja vijana na mabegi mgongoni, wanashuka kwenye lile behewa moja, wanatembea mitaa yetu na simu mkononi, wanalinganisha kila kona na picha. Stesheni yetu imo. Ngazi za hekalu zimo. Saluni yangu imo, wameipaka rangi ya waridi, rangi ambayo singeipaka hata kwa kulazimishwa. Na duka la Tsukuda limo, pamoja na sanamu zake mbili na pua zao. Wanasimama mbele ya dirisha wanapiga picha, wengine wanalia. Mmoja, msichana mwenye miwani, aliingia akamuuliza Hiroe kwa unyenyekevu mkubwa kama yeye ndiye binti wa mshonaji. Hiroe akasema hapana, yeye ni mfanyakazi tu hapa.

Bwana Kuwamoto wa kamati ya utalii alichanganyikiwa kwa furaha. Aliagiza mikate yenye sura ya kaa aliyevaa kofia ya mkuu wa stesheni, maana ndani ya filamu kuna kaa kama huyo. Akaja kumwomba Hiroe akae dirishani siku za mapumziko akiwa na cherehani, ili wageni wapate picha nzuri. Hiroe alikataa. Kuwamoto akaomba tena, akaomba tena, akaomba tena. Huyo ndiye mtu pekee niliyemjua aliyekuwa na subira ya kumuuliza Hiroe mara nne, na ilikuwa kwa ajili ya mikate. Nilimfukuza kwa ufagio wa nywele.

Ni Kuwamoto huyohuyo aliyepanga filamu ionyeshwe katika ukumbi wa mji, Jumamosi mchana, na Mwalimu Orito mwenyewe, ndivyo alivyomwita Chigusa, aje kujibu maswali. Hiroe alivaa gauni la kijivu. Nilimtengeneza nywele, tukaenda pamoja, tukakaa safu ya nyuma kwenye viti vya kukunja. Mji mzima ulikuwapo, soksi mbichi, makoti magotini. Chigusa alikuwa mbele kabisa. Tuliona kichwa chake tu, nywele fupi zenye mvi, zimekatwa vizuri, kazi ya mtu anayejua.

Nitasema filamu ilivyo kwa ufupi. Wasichana wawili wa kijijini, mmoja binti wa mkuu wa stesheni na mwingine binti wa mshonaji, wanagundua kwamba maji ya bahari yakitoka sana, shimo la kupitia treni chini ya kilima linaelekea kwenye mji mwingine unaofanana na wao, ila huko hakuna anayekua. Watoto wa huko wanavaa sare kubwa zinazofunika vidole, milele. Wanacheza, wanakula samaki, wanapanda migongo ya samaki taa wakubwa wanaoruka juu ya mapaa. Mlinzi wa mji ni kaa mwenye kofia. Kila siku anapima mikono. Kifundo cha mkono kikionekana nje ya koti, maana yake umekua, na lazima uondoke maji yakitoka tena na usirudi. Wale wawili wanakaa. Lakini binti wa stesheni anakua. Binti wa mshonaji, kwa kumpenda, anakunjua pindo la mikono yake kidogo kidogo, kwa siri, kaa asijue. Anakunjua mpaka kitambaa cha akiba kinaisha. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta leso, na mimi si mtu wa leso.

Mwishoni wasichana wako mlangoni mwa shimo, maji yanakuja. Binti wa stesheni anasema, twende wote. Binti wa mshonaji anasema, "Nenda wewe. Mimi hapa ndipo ninapotaka." Anasema kwa sauti nyepesi, kama anayekataa chungwa. Mwenzake anamtazama, anageuka, anakimbia kuelekea mwangani, na anapotokea upande wa pili ni mwanamke mzima. Yule mwingine anabaki, mikono mirefu inafunika vidole vyake. Taa zikawashwa.

Ukumbi wote ulikuwa unapenga kamasi. Nikamtazama Hiroe. Hakuwa analia. Alikuwa ametoa macho kwenye kile kitambaa cheupe cha sinema, sasa hakina kitu.

Wakaja kwenye maswali. Watu wakubwa waliuliza upuuzi, Kuwamoto akauliza kuhusu kaa. Kisha msichana wa shule ya kati, aliyevaa koti ambalo Hiroe mwenyewe alilishona, akasimama akauliza kwa nini yule binti hakumwita mwenzake tena. Chigusa akakisogeza kipaza sauti mdomoni. Akasema, "Kwa sababu mwenzake alikuwa ameshajibu. Jibu la mtu lazima uliheshimu." Watu wakapiga makofi. Hiroe akainuka, akainama kuomba njia, akatoka kwa mlango wa nyuma, na mimi nyuma yake.

Njiani nilidhani ataanguka, kumbe alikuwa anatembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona. Alinishika mkono, yeye ambaye hashiki mtu. "Hakujua, dada," akasema. "Miaka yote hii alidhani sikutaka kwenda. Nilidhani hakunihitaji, na yeye akadhani simtaki. Hakujua tu." Uso wake ulikuwa wa moto, amekuwa msichana. Akasema kesho kabla ya treni atamwambia waziwazi, neno kwa neno. Akaniuliza kama ninaweza kumtia rangi asubuhi mapema, hataki kuonekana mzee. Nilimwambia njoo kabla sijafungua.

Nilifurahi, sitaficha. Nilijisemea, hatimaye.

Asubuhi alikuwa kwenye kiti, joho la plastiki shingoni, kichwa kimejaa rangi nyeusi ya kunata, sikio moja limechafuka, anarudia maneno yake midomo ikichezacheza. Tulikuwa tumehesabu atakuwa tayari mapema, avae, aende stesheni. Mlango ukalia kengele. Akaingia Chigusa.

Alikuwa amekwenda dukani kwa Hiroe akakuta pamefungwa. Alibeba boksi la biskuti za Tokyo, zile zinazouzwa stesheni kubwa, zinazopelekewa watu ambao huijui vizuri ladha yao. Alinisalimu vizuri, akanikumbuka jina. Nikamwonyesha kiti cha pembeni, akasema hapana, asante, gari la kamati linamngoja nje. Nikamwambia keti, akasema kweli hapana, na nikaona kwamba kwake hapana ilikuwa hapana. Akasimama nyuma ya Hiroe. Wakatazamana kwenye kioo.

Hiroe hakuweza kukimbia, na hakuweza kuinama, maana rangi ingemwagika. Nadhani hiyo ndiyo iliyomsaidia. Alisema yote palepale, akikiangalia kioo.

"Chigusa, siku ile nilitaka kwenda. Nilisema hapana kwa adabu tu. Nilikuwa nimefunga begi. Nilikuwa nangoja uniulize tena."

Mkono wangu wenye brashi ulisimama hewani. Nilitaka kuondoka, lakini saluni yangu ni chumba kimoja.

Chigusa alilitazama lile boksi la biskuti, akalishusha polepole juu ya meza ya vitana.

"Nilijua, Hiro-chan," akasema, akimwita kwa jina la utotoni.

Hiroe alipepesa macho.

"Nimekulia dukani mwenu. Mama yako alinikatalia hata chungwa mara mbili kabla ya kulipokea. Nilijua hapana yako ilikuwa ya namna gani. Ningeuliza tena ungekuja. Ndiyo maana sikuuliza." Sauti yake ilikuwa ya chini, bila maringo, na hilo lilinifanya nishindwe kumchukia kama nilivyotaka. "Nilikuuliza kwa sababu ingekuwa vibaya kutokuuliza. Halafu ukakataa, nikashukuru. Nilitaka kufika mahali ambapo hakuna mtu anayenijua. Ningekuwa na wewe ningebaki mtoto wa stesheni, na kila nikitunga kitu ningekugeukia niseme halafu ikawaje."

Nje dereva wa kamati alipiga honi, fupi, ya heshima.

"Na safari hii?" Hiroe akauliza. "Uliponipigia simu?"

"Safari hii niliona haya. Niliogopa utaiona filamu nikiwa pembeni yako."

"Ndani ya filamu anasema anataka kubaki."

"Ndiyo," akasema Chigusa. "Niliandika hivyo. Ilikuwa rahisi kwangu akiwa anataka."

Nilisikia jokofu dogo la saluni likiunguruma. Hiroe alikuwa amekaa wima chini ya lile joho, mikono imefichika ndani yake, na uso ule uliokuwa wa msichana jana barabarani ulikuwa umerudi kuwa uso wa jirani yangu. Nilitaka kumshika bega na sikuthubutu.

Chigusa akarudi hatua nyuma, akaweka mikono mbele ya mapaja, akainama mpaka chini kabisa. "Hiro-chan, naomba unisamehe."

"Hapana," akasema Hiroe.

Alisema kwa ile sauti yake nyepesi ya kila siku. Chigusa akainua kichwa. Niliona kwenye kioo jinsi alivyomtazama, macho yakipita usoni mwake, yakitafuta. Mimi mwenyewe nilishindwa kuipambanua, na nimekaa naye ukuta kwa ukuta tangu nilipoolewa. Hiroe hakuondoa macho. Alimngoja. Alikuwa na midomo imefunguka kidogo, na mimi moyoni nilikuwa nasema, uliza, wewe mwanamke, uliza.

Honi ikalia tena. Chigusa akainama mara nyingine, kwa Hiroe na kwangu, akasema tutunze afya zetu, baridi ni kali. Kengele ya mlango ikalia. Gari lilipita mbele ya dirisha, kisha mtaa ukawa mtupu.

Nilirudi nikashika brashi, nikaona rangi imekauka, imekaa kupita kiasi. Nikamuuliza, maana mimi ni mtu wa kuuliza, ile hapana ilikuwa ipi.

"Angeuliza tena angejua," akasema.

Nikamlaza kwenye beseni, nikamfunika uso kwa kile kitambaa tunachowafunika wateja wote ili maji yasiwarukie, nikafungua maji ya moto. Nilimwosha muda mrefu kuliko inavyotakiwa.